Miche Yenye Sura Mbaya

Mianzi ya babu ilipotoa maua, majirani walikuja kuitazama kama watu wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Wanasimama, wanashika kiuno, wanatikisa kichwa, halafu wanauliza kama chai imeshaiva. Maua yenyewe hayakuwa na uzuri wowote. Ukisikia maua unafikiria kitu cha kuweka mezani. Haya yalikuwa makavu, ya kahawia, yakining'inia kwenye ncha za mianzi kama nywele za mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Babu hakutoka kuyatazama. Alishajua. Mwanzi wa aina ile unaweza kuishi umri wa mtu mzima bila kutoa ua hata moja, halafu siku ukiamua, kichaka kizima kinachanua kwa pamoja, kinatoa mbegu, kinakufa. Hakuna dawa. Kichaka chetu kilikuwa chini ya nyumba, karibu na mfereji, na babu alikipanda akiwa bado hajaoa. Kwa mianzi ile amesuka matenga tangu ujana wake, yale makapu makubwa yanayobeba nyanya na plamsi kutoka huku kwetu milimani mpaka Dar es Salaam.

"Nyanya ikisafiri ndani ya tenga langu," babu hupenda kusema, "inafika imelala usingizi."

"Basi babu nisukie na mimi moja la kwendea shule."

"La nini? Wewe si unalala darasani bila tenga?"

Ndivyo tunavyoongea nyumbani. Mama yangu anafanya kazi Tanga mjini, mimi naishi na babu na bibi upande wa Gare, nipo kidato cha tatu, na kwetu mjukuu na bibi yake ni watani. Msije mkasema sina adabu, hii ni mila. Kwa watu wazima wengine wote natoa shikamoo mpaka koo linakauka, lakini bibi naruhusiwa kumwambia karibu chochote, na yeye vilevile. Ananiita mke mwenza. Nikiunguza ugali anatangaza kwa sauti ili jirani asikie kwamba mke mdogo ameshindwa jiko na anarudishwa kwao.

Mtu pekee aliyefurahia msiba wa mianzi ni mama mdogo. Yeye ni kitinda mimba wa bibi, anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa miti karibu na Lushoto mjini, na papo hapo anasomea shahada ya pili. Alikuja Jumamosi moja, akaona kichaka, akapiga kelele, akakimbia chini kwenye mfereji akiwa na viatu vyake vya ofisini.

"Baba! Unajua kuna watu wanasubiri kuona hii maisha yao yote?"

"Mimi nilikuwa sisubiri," babu akasema.

Akatandika kanga tatu za bibi chini ya mianzi, akawa anatikisa na kukusanya mbegu kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Jioni akatueleza. Mimi biolojia nasoma shuleni, lakini naisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo naijua kama ninavyomjua mkuu wa wilaya: nimemwona akipita. Mama mdogo alieleza kwa Kiswahili na nikaelewa, jambo lililonishtua mimi mwenyewe.

Mkulima wa mahindi, alisema, anaweza kuchagua mbegu bora kila msimu, akachanganya hii na ile. Wa mwanzi afanye nini? Ukitaka kuchanganya mianzi miwili lazima yote iwe na maua siku moja, na kila mmoja unachanua mara moja halafu unakufa. Utazeeka unasubiri harusi. Kwa hiyo yeye alikuwa na njia nyingine. Kuna dawa inaitwa kolchisini, inatoka kwenye ua fulani la huko nje, ni sumu hasa. Kila seli ya mmea ikitaka kugawanyika inaandaa kwanza kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba urithi, mara mbili, mzigo wa huyu na mzigo wa yule, halafu zinaachana. Ukiiwekea ile dawa wakati huohuo, kuachana kunashindikana. Seli inabaki peke yake na mizigo ya wawili.

"Kama bibi," nikasema, "siku babu alipofunga mizigo akaapa kuhamia kijiji cha Kwai, akashindwa kuondoka."

"Nyamaza, mke mwenza," bibi akasema, "unafundishwa."

Mmea wenye mizigo miwili, ukibahatika, unakuwa mnene. Majani mapana, shina nene, ukuta wa mwanzi mzito. Mianzi yenyewe tayari Mungu ameizidishia mizigo hiyo kuliko mimea mingi, mama mdogo alisema, lakini yeye alitaka kuona kama inaweza kubeba zaidi. Alimtazama babu. "Ukuta mnene, baba. Upasue fito mbili mahali unapopasua moja."

Babu alikuwa ananoa kisu chake. Akaacha kunoa.

Mbegu za mwanzi hazikai. Ukizihifadhi muda kidogo tu zinapoteza uhai. Mama mdogo alizipeleka zote kituoni, akaziotesha, akatenga chache za kulinganishia, nyingine akaziloweka kwenye dawa akiwa amevaa glavu na kitu cha plastiki usoni. Nilimtembelea siku hiyo, akaniweka mbali mlangoni. Nyingi zilioza. Nyingine zilichipua zikakaa kidogo zikafa, na mama mdogo akawa hali chakula vizuri. Zikabaki chache, na hizo chache, Mungu anisamehe, zilikuwa na sura mbaya sijapata kuona.

Naomba nieleweke. Mche wa mwanzi wa kawaida ni kitu kizuri, umenyooka, mwembamba, kijani laini. Hii ilikuwa mifupi, minene shingoni, imepinda, majani mazito yaliyokunjamana kama masikio ya mbuzi. Ilikuwa inakua polepole kama foleni ya benki. Nikaipa vyeo vya shuleni kwetu. Ule ulioinama kila wakati kama unatafuta mtu wa kumchapa nikauita Mwalimu wa Zamu. Mwenye tumbo, Makamu Mkuu. Kulikuwa na mmoja uliokuwa haukui wala haufi, nikauita Hisabati.

Mama mdogo hakuwa na hakika bado kama ile sura mbaya ilikuwa dalili ya kromosomu kuzidi au ni majeraha ya sumu tu. Dalili moja ni vitundu vya kupumulia vya jani. Kwenye mmea uliozidishwa huwa vikubwa. Ili kuviona unapaka chini ya jani rangi ya kucha isiyo na rangi, inakauka, unaibandua kwa selotepu, inatoka na alama za jani zima, unaiweka kwenye hadubini. Sasa, rangi ya kucha kwetu shule ni haramu, na mimi nilikuwa na chupa moja ndani ya soksi. Mama mdogo alijua. Alinyoosha mkono tu bila kuuliza.

"Hii ni ya sayansi," nikamwambia.

"Tangu leo ni ya sayansi," akasema, akaondoka nayo.

Vitundu vilikuwa vikubwa. Lakini vitundu si ushahidi kamili. Ushahidi ni kuhesabu kromosomu zenyewe kwenye ncha ya mzizi, na kwa kazi hiyo hadubini ya pale kituoni haikutosha. Ilibidi aende chuoni kwake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kabla hajaondoka, pampu ya maji ya kituo ikaharibika. Ndipo akaileta miche nyumbani.

Aliipanda kwenye tuta moja dogo chini ya kivuli cha migomba, karibu na mfereji. Kila mche wa dawa aliupanda ubavuni mwa ndugu yake ambaye hakutiwa dawa, ili ilinganishwe: mbaya, mzuri, mbaya, mzuri. Ile ya dawa akaifunga uzi mwekundu. Uzi aliufumua kwenye sweta langu la shule la zamani, upande wa kiwiko, ambako kulikuwa kumeshaanza kufumuka kwa juhudi zangu mwenyewe.

"Mama," akamwambia bibi, "naomba unimwagilie tu."

"Nitamwagilia," bibi akasema.

Hapa lazima nimweleze bibi. Bibi ni mtu wa vitalu. Miche yake ya kabichi na hoho watu wanaifuata kutoka Kwai, wengine wanapanda gari kutoka Mlalo. Na siri yake, kama ni siri, ni kwamba hana huruma. Miche ikiota anapita nayo kila asubuhi, anang'oa. Dhaifu, ng'oa. Iliyopinda, ng'oa. Inayosuasua, ng'oa. "Mche mbovu ni kama mgeni asiyeaga," anasema, "anakula na jembe hashiki." Vidole vyake vinafanya hivyo hata yeye akiwa anaongea mambo mengine. Kuna wakati tulikwenda msibani, watu wako ndani wanasoma dua, bibi akatoka kunawa. Alipochelewa nikamfuata. Nikamkuta ameinama kwenye kitalu cha wafiwa, anawapunguzia kabichi.

Kumwambia bibi amwagilie tu ni sawa na kumwambia jogoo apambazukiwe tu, asiwike.

Mama mdogo alilijua hilo, ni mama yake. Lakini hakuongeza neno. Akaondoka na ncha za mizizi kwenye vichupa, vimefungwa ndani ya leso kama yai.

Alirudi Ijumaa. Nilifika kutoka shule nikamkuta babu barazani ameshika simu mbali na sikio.

"Mama yako mdogo huyu. Sijui analia, sijui anacheka. Ongea naye."

"Imetoka!" mama mdogo alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake naisikia injini ya basi. "Yote yenye uzi! Yote! Mara mbili kamili!"

"Hata Mwalimu wa Zamu?"

"Mwalimu wa Zamu ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote! Sikiliza, tumeshapita Mombo, tunapanda mlima. Usimwambie mama, nataka nimwambie mwenyewe."

Nikatupa begi, nikashuka kwenye migomba nikiruka. Nilitaka kumpa Mwalimu wa Zamu hongera zake. Njiani kuna nyanya za bibi, zimesimamishwa kwa miti. Nikapita. Nikarudi nyuma. Nyanya zilikuwa zimefungwa kwenye miti yake kwa uzi mwekundu, kila moja na fundo zuri, kama wanafunzi wa sekondari ya kulipia waliovaa tai.

Sikutaka kwenda kutazama tuta, lakini miguu ilikwenda. Tuta lilikuwa safi. Miche mizuri, iliyonyooka, ina nafasi ya kupumua, udongo umepaliliwa, umemwagiwa maji. Ungeweza kuipiga picha ya kalenda. Kati yake kulikuwa na vishimo vilivyofukiwa kwa vidole.

Bibi alikuwa anatawadha kwa ajili ya alasiri. "Umeona?" akasema kwa furaha. "Nimemsaidia mwanangu. Mibovu ilikuwa inanyonya mizuri. Sijui kwa nini aliacha ibanane vile, huyu mtoto siku hizi amechoka."

Mimi nimewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima kwa kosa la kushindwa kunyamaza. Siku ile nilinyamaza. Bibi akaingia kuswali.

Nikaenda kwa babu. Nilipomaliza kueleza, aliweka kisu chini taratibu, kama kinaweza kuvunjika.

"Hakuna mbegu nyingine," akasema.

"Hakuna."

"Na kile," akaashiria kwa kidevu kichaka chake, ambacho sasa kilikuwa kijivu tupu, "hakitachanua tena."

Hakitachanua. Mwanzi mwingine kama ule ukipandwa leo, atakayeuona ukichanua labda ni mimi nikiwa bibi mwenyewe na wajukuu wenye midomo. Mama mdogo hakuwa na pa kurudi kuanza upya. Kazi yake yote, na zile fito mbili za babu, zilikuwa kwenye miche michache yenye sura mbaya, na miche yenyewe haikuwepo.

Alifika jua likiwa bado liko juu ya mlima. Alikuwa na mkate wa bibi kwenye mfuko, na tabasamu, na alipitiliza kwenda kwenye tuta kabla sijamwahi. Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, na nguo zake za safari.

"Nani?"

Nikaelekeza mdomo upande wa jikoni.

Alitia vidole kwenye kimoja cha vile vishimo. Nilitafuta kitu cha kuchekesha cha kusema, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu pale nyumbani, na sikupata.

"Usimwambie," akasema mwishowe.

"Mama mdogo, kwa nini?"

"Vile vidole ndivyo vilivyonisomesha. Tangu darasa la kwanza, kila kitu changu kimetoka kwenye vile vitalu. Nikamwambie vimefanya nini? Hapana. Nitasema ukungu umeiua."

"Lakini lazima tujue kaitupa wapi. Labda mizizi bado."

Hapo akanyanyua kichwa. Alijua kwamba nasema kweli, na alijua pia kwamba mtu huwezi kumuuliza bibi alikotupa mche bila kumwambia kwa nini. Akanitazama.

"Mimi ni mwanawe, siwezi. Mume wake hawezi. Wewe ni mtani wake."

Sasa nawaambia ukweli kuhusu utani. Watu wanadhani ni ruhusa ya kucheka. Kumbe unawekwa pale kwa siku kama ile, siku ambayo kuna neno ndani ya nyumba na hakuna mwenye mdomo wa kulibeba. Nilitembea kwenda jikoni nikiwa naona kama nimeitwa ofisini kwa mkuu wa shule, na safari hii sikuwa nimefanya kitu.

Bibi alikuwa anakoroga mboga. "Karibu, mke mwenza. Umekuja kujifunza kupika au kuonja?"

"Nimetumwa na mahakama," nikasema. "Umeshtakiwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kung'oa walimu. Mwalimu wa Zamu hayupo, Makamu Mkuu hayupo, Hisabati hayupo. Shule imefungwa."

Bibi akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya kanga. "Mwambie hakimu walikuwa wabovu. Nimeacha wanafunzi wazuri tu."

"Hakimu anasema," nikaendelea, na nikasikia sauti yangu inashuka yenyewe, "anasema wale wabovu ndio waliokuwa wenyewe. Ile dawa ndiyo inawafanya wawe vile. Wale wazuri ni wa kawaida tu. Wamepandwa pale wa kulinganishia."

Mwiko ukasimama.

"Wale wenye shingo nene?"

"Ndiyo."

"Wenye majani kama masikio ya mbuzi?"

"Ndiyo, bibi."

Sijui kama ni lile neno bibi, kwa sababu sikuwa nimemwita hivyo siku nyingi, au ni kitu alichokiona usoni kwangu. Alitoa chungu motoni. Alisema jambo moja refu kwa Kishambaa, polepole, si kwangu, na siwezi kulitafsiri kwa sababu nusu yake ilikuwa dua. Kisha akatoka, akapita mbele ya mama mdogo bila kumtazama, akasema, "Shimo la mboji. Nilifunika kwa majani ya mgomba kwa sababu ya kuku. Njooni."

Tulichimbua kwa mikono. Babu naye alikuja. Maganda ya viazi, majivu, majani ya kabichi, halafu, chini ya jani la mgomba lililokuwa bado na unyevu, ikaanza kuonekana. Mingine ilikuwa imenyauka imekuwa kama majani ya chai. Mingine mizizi yake ilikuwa bado myeupe kidogo.

"Si yote hii," mama mdogo akasema. "Kulikuwa na zaidi."

Bibi alifuta mikono kwenye kanga. "Mingine nilimpa mbuzi."

Wote tukageuka kumtazama mbuzi. Alikuwa bandani kwake, anacheua, ana amani.

"Basi," babu akasema, "mbuzi wetu ana shahada ya pili."

Mama mdogo alitoa sauti ya ajabu, kati ya kilio na kicheko, na baada ya hapo angalau aliweza kupumua. Halafu bibi akaruka. "Ile sumu! Umeniletea sumu nyumbani na mbuzi amekula!" Ikabidi mama mdogo amweleze kwamba dawa ilisafishwa zamani, mche wenyewe hauna kitu, na ndivyo tulivyojikuta tena tunaongea kama watu.

Walifanya kazi bega kwa bega, mmoja haangalii uso wa mwingine. Bibi alikata majani kwa kucha ili mche usipoteze maji kidogo uliyobaki nayo, akachovya mizizi kwenye tope la mfereji. Mama mdogo akakata chupa za maji za plastiki, akaufunika kila mche chupa yake ili unyevu usikimbie. Mimi nilishika tochi ya simu, maana kivuli kilikuwa kimeshaingia migombani. Babu alirudi na fito za mwisho za kichaka chake, akakaa hapohapo kwenye nyasi, akasuka vitenga vidogo vya kufunikia kila chupa, kuku wasifike. Vilikuwa vitenga vizuri mno kwa kazi ile.

"Kwa nini hukuniambia?" bibi aliuliza, akiwa ameinama.

Mama mdogo alikandamiza chupa kwenye udongo. "Niliona aibu, mama. Nikufundishe wewe miche?"

Bibi alibana udongo kuzunguka shingo ya mche mmoja, kidole gumba huku na huku. "Ungenifundisha," akasema. Halafu, kwa sababu ni mkweli, "Ningebisha kidogo. Lakini ungenifundisha."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Bibi alikuwa anashuka pale akimaliza sala ya alfajiri, kabla hata ya kuwasha moto, anainua kitenga, anatazama, anarudisha. Nikimwona anapanda mteremko na uzi mkononi najua kuna mwingine amekwenda, kwa sababu kila alipoung'oa uliokufa alitoka na kile kiuzi chekundu nilichokuwa nimeirudishia miche. Makamu Mkuu alikwenda. Hisabati, ambaye nilidhani hafi, alikufa, na nilisikitika kuliko nilivyotarajia kusikitikia Hisabati. Nilijaribu kumtania bibi ili uso wake urudi. Nikimwita mke mwenza ananiitikia, lakini hatangazi kwa jirani.

Mwishowe ukabaki mmoja. Bila shaka mnajua ni nani. Mtu wa kuinama, mwenye kutafuta wa kumchapa. Alikuwa hana jani hata moja, kijiti tu, na bibi alikuwa anamfunika na kumfunua kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi moja bibi aliponiita, na safari hii alitumia sauti yake ya kutangaza, majirani wakasikia wote: "Mke mwenza! Njoo! Mwalimu wako ana kidole!"

Ubavuni mwa kijiti, kutoka kwenye udongo, kulikuwa kumetoka chipukizi. Nene, fupi, lenye ncha, nene kuliko shina la mama yake. Mama mdogo alipoonyeshwa alipiga magoti. Alisema mwanzi ukishatoa chipukizi kutoka mizizini, unaweza kugawanywa, na uliogawanywa ukagawanywa tena, na wote watakuwa na mizigo ileile miwili. Hauhitaji maua. Unahitaji mmoja tu, na subira.

Mwalimu wake wa chuo alikuja kukagua baada ya mvua za vuli. Mzee mwenye kofia, anatembea na fimbo kwenye miteremko yetu kama aliyezaliwa huku. Nilitoa shikamoo, nikakaa karibu kusikiliza. Mama mdogo alikuwa na picha za kromosomu za miche yote, alizipiga kule kwenye hadubini, kwa hiyo hesabu zake zilikuwa salama. Lakini mzee alitazama tuta, akatazama vitenga vitupu.

"Na wengine?"

Nilimwona mama mdogo anafungua mdomo. Nilijua anakwenda kusema ukungu.

"Niliwang'oa mimi," bibi akasema. Alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la chai. "Binti yangu hakukosea kitu. Niliona wabaya nikawang'oa. Mbuzi yule pale ni shahidi."

Mzee alimtazama bibi, akamtazama mbuzi. Akainama juu ya Mwalimu wa Zamu, akamshika jani moja jipya, zito, lililokunjamana, akalisugua kati ya vidole.

"Mama," akasema, "mimi nilipoanza kazi hii nilitupa wa namna hii kwa mwaka mzima. Na nilikuwa nimefundishwa." Akapokea kikombe. "Huyu mmoja anatosha kuendelea naye. Mtunzeni."

Baada ya hapo aliomba sukari zaidi, na mama mdogo akaenda nyuma ya migomba kwa muda, akarudi amenawa uso.

Kichaka cha zamani babu alishakikata. Fito za kusukia ananunua kwa watu, na analalamika kwamba ni nyembamba kama maelezo ya serikali. Mwalimu wa Zamu ana kitenga chake kikubwa sasa, maana kile kidogo alikivunja kwa kichwa, na kando yake kuna mtoto mmoja aliyegawanywa, mbaya kama yeye.

Bibi anapita pale kila asubuhi akienda kwenye kabichi zake. Vidole vyake havijabadilika, nawaambia, nimeviona vikitafuta cha kung'oa. Kwa hiyo akifika kwenye tuta anaiweka mikono mgongoni, anashika kiganja kwa kiganja kama mkaguzi wa shule, anapita akitazama mbele. Babu anakuwa barazani na kisu chake, na hakosi kumpigia kelele.

"Mikono!"

"Iko nyuma," bibi anajibu, bila kugeuka.